Mtoto Si Mbuzi wa Kugawana

Liko neno linalosikika mara nyingi huku kwetu Rugera, na katika vijiji vyote vya Karagwe na Kyerwa, siku mume na mke wanapoachana. Mume husema: "Watoto ni wangu, nilitoa mahari." Mke naye hujibu: "Watoto ni wangu, niliwazaa kwa uchungu." Ndugu wa pande zote mbili hukutana, wazee husema yao, wajomba na mashangazi hupaza sauti. Mwisho wa shauri watoto hugawanywa kama mbuzi wa urithi: huyu mkubwa abaki kwa baba achunge ng'ombe, yule msichana aende kwa shangazi akachote maji, mchanga afuatane na mama kwa kuwa bado ananyonya. Watoto wenyewe hawakuulizwa neno. Wamesimama nyuma ya migomba wakisikiliza.

Ndugu wasomaji, makala hii haitetei talaka. Sisi Wakatoliki twafahamu kwamba ndoa halali ya Wakristo, iliyotimizwa, haivunjwi na mtu yeyote, wala na hakimu wa serikali, ila na kifo tu. Lakini twafahamu pia kwamba zipo nyumba ambazo mume na mke hawakai tena pamoja. Wengine wametengana kwa ugomvi, wengine kwa ulevi, wengine kwa sababu mmoja amekwenda zake na kuoa au kuolewa pengine. Katika nyumba hizo wamo watoto, na watoto hao hula, huvaa, huugua, huenda shule, na husali kama wenzao. Je, nani awalee? Nani awalishe? Nani awafundishe kufanya ishara ya msalaba? Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo.

KANISA LASEMAJE?

Watu wengine hudhani kwamba Kanisa halina la kusema juu ya wazazi waliotengana, ila kuwakaripia tu. Sivyo. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, katika kanuni ya 1153, chakubali kwamba mume au mke aweza kuwa na sababu ya haki ya kutengana na mwenzake, kama mwenzake anamtia yeye au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, au anayafanya maisha ya pamoja kuwa magumu mno. Kifungo cha ndoa hubaki, lakini nyumba hutengana kwa muda, mpaka hatari iishe. Na mara baada yake, kanuni ya 1154 yaagiza kwamba wanapotengana hivyo, lazima daima mpango mwema ufanywe kwa ajili ya matunzo na malezi ya watoto. Angalieni neno hilo: daima. Halikusema "kama baba akipenda", wala "kama mama hana hasira".

Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika namba 2383, yasema kwamba pengine talaka ya serikali ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani za sheria, au matunzo ya watoto, au urithi. Hapo yaweza kuvumiliwa, wala si dhambi kwa yule anayeitafuta kwa sababu hiyo. Lakini mbele ya Mungu yeye angali mume au mke, wala hana ruhusa ya kufunga ndoa nyingine. Basi, mama anayekwenda mahakamani ili watoto wake wapate chakula na ada asinyoshewe kidole kanisani kana kwamba ameasi dini.

Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto kuwa mateka kamwe. Mateka ni mtu anayeshikwa ili adui aumie. Baba anayemzuia mtoto asimwone mama yake ili mama alie, huyo amemteka mtoto. Na mama anayemficha mtoto ili baba ateseke, naye vivyo hivyo.

MILA ZETU NA SHERIA YA NCHI

Zamani katika nchi yetu mtoto alikuwa wa ukoo wa baba. Mahari ndiyo iliyomfunga kwa ukoo huo. Hata sheria za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, zilizotumika katika wilaya nyingi za Tanganyika, zilisema kwamba watoto waliozaliwa katika ndoa ni wa baba. Wazee hawakuwa wajinga walipoweka desturi hiyo. Walitaka kila mtoto awe na jina, na kibanja cha kurithi, na watu wa kumzika atakapokufa. Hayo ni mema, na tusiyatupe.

Lakini ndani ya desturi hiyo palikuwa na tundu. Mtoto alikuwa na ukoo, lakini pengine hakuwa na wa kumfunika blanketi usiku. Baba akioa mke mwingine, na mke huyo asipokuwa na moyo wa huruma, mtoto alikula makombo katika kibanja chake mwenyewe. Mama yake mzazi yuko mlima wa pili, haruhusiwi kumwona.

Basi, mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, ambayo hutumika Tanzania Bara kwa watu wa dini zote. Sheria hii, katika kifungu cha 125, yasema kwamba mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza na kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo ndipo hakimu hutazama matakwa ya wazazi, na matakwa ya mtoto kama amefikia umri wa kusema lake, na desturi za watu wao. Mila haikufukuzwa, ila haikupewa tena kiti cha mbele. Kiti cha mbele amepewa mtoto.

Mwaka 2009 ikatungwa Sheria ya Mtoto. Hiyo nayo yatilia nguvu jambo lile lile. Katika kifungu cha 26 yaeleza haki za mtoto ambaye wazazi wake wameachana. Mtoto huyo ana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa namna ile ile aliyokuwa nayo kabla wazazi hawajaachana. Ana haki ya kukaa na yule mzazi ambaye mahakama yaona aweza kumlea. Na ana haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye, maadamu hayo hayamharibii masomo yake.

Someni tena maneno hayo polepole. Sheria haikusema ni haki ya baba, wala ni haki ya mama. Yasema ni haki ya mtoto. Mtu akimnyima mtoto kumwona mzazi wake, hakumkomoa mwenzake tu. Amemwibia mtoto.

HABARI YA MIAKA SABA

Hapa yafaa tukosoe kosa moja lililoenea sana. Wengi husema: "Sheria yasema mtoto akitimiza miaka saba lazima arudishwe kwa baba." Kwa sababu ya maneno hayo wapo mababa wanaokaa miaka saba bila kutoa hata kilo moja ya sukari, kisha siku moja hufika na baiskeli au pikipiki kumchukua mtoto kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo alioweka kwa jirani.

Sheria haikusema hivyo. Yasema hivi: mtoto aliye chini ya miaka 7 hukisiwa kuwa ni vema akae na mama yake, mpaka yatolewe maelezo ya kuonyesha kwamba si vema. Yaani kama mama ni mlevi wa kupindukia, au anamtesa mtoto, au amemtupa, baba aweza kuyaeleza hayo mbele ya hakimu, na hakimu aweza kuamua namna nyingine. Tena sheria yaagiza hakimu afikirie madhara ya kumhamisha-hamisha mtoto. Mtoto akipita miaka 7, lile kisio la mama huisha, lakini hakuna neno lisemalo kwamba sasa lazima apelekwe kwa baba. Swali hubaki lile lile: je, ni wapi atakapokua vema?

Na watoto wakiwa wengi, hakimu si lazima awaweke wote mahali pamoja. Humtazama kila mmoja peke yake. Lakini sisi wazazi twajua kwamba ndugu waliolala kitanda kimoja wakitenganishwa hupata jeraha la pili juu ya lile la kwanza. Ikiwezekana, waache wakae pamoja.

MATUNZO SI ZAWADI

Neno lingine husikika hivi: "Kama watoto wako kwake, awalishe yeye." Hilo pia ni kosa. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa chasema kwamba ni wajibu wa baba kuwatunza watoto wake, wakae kwake au wakae kwa mtu mwingine. Lazima awape mahali pa kulala, nguo, chakula na elimu, kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake ya maisha. Kama baba amekufa, au hajulikani aliko, au hana uwezo, wajibu huo humwangukia mama. Na mahakama yaweza kumwamuru mzazi kulipa matunzo hata mtoto atimize miaka 18.

Baba mmoja atasema: "Mimi si mwajiriwa, sina mshahara wa mwezi. Nitalipaje?" Swali hilo ni la haki, na lina jibu. Mkulima wa Karagwe hupata fedha yake wakati wa kahawa, kuanzia miezi ya Mei na Juni. Basi na aseme mbele ya mashahidi: nitakapouza kahawa nitatenga fungu la watoto, la sare na viatu na madaftari, liwekwe mpaka Januari shule zinapofunguliwa. Katika miezi mingine atapeleka mkungu wa ndizi na maharage kila juma, au kila majuma mawili. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa hata kidato cha tano na cha sita. Lakini ada kuondolewa si kusema kwamba mtoto huenda shule uchi na njaa. Peni, sabuni, unga wa uji wa shuleni, dawa, vyote hivyo huja kutoka mfukoni mwa mzazi.

Mama naye, akipokea mkungu wa ndizi, asiutupe uani mbele ya watoto na kusema, "Baba yenu analeta chakula cha nguruwe." Apokee, ashukuru, awapikie watoto, na awaambie ulikotoka. Mtoto anayejua kwamba ndizi hizi zimetoka kwa baba, hujua kwamba baba hajamsahau. Hilo nalo ni chakula.

MTO KAGERA

Wilaya zetu hizi mbili, zilizokuwa moja mpaka mwaka 2012, ziko mpakani. Mtu akivuka mto huko Murongo amefika Kikagati, nchi ya Uganda. Na upande wa machweo ni Rwanda. Watu wetu huvuka kwenda kuuza, kuoa na kutafuta kazi. Kwa hiyo hatari moja kwetu ni kubwa kuliko kwa watu wa mahali pengine: mzazi mwenye hasira aweza kumvusha mtoto usiku, na asubuhi yuko chini ya serikali nyingine.

Mzazi anayeogopa jambo hilo asingoje litokee. Sheria ya Ndoa yampa mahakama nguvu ya kukataza mtoto asitolewe nchini. Na Sheria ya Mtoto yakataza mtu yeyote kumwondoa mtoto isivyo halali mikononi mwa yule aliyekabidhiwa. Ukiona dalili, nenda haraka kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, na polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya simu 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure.

NJIA YA KUFUATA

Wengi hushindwa kwa kuwa hawajui mlango wa kubisha. Njia ni hii.

Kwanza, kabla ya kufikiri habari ya mahakama, nendeni kwa watu wa kuwapatanisha: wasimamizi wenu wa ndoa, jumuiya ndogo ndogo, katekista, padre. Ndoa nyingi zimeponywa hapo.

Pili, kama imeshindikana, shauri lipelekwe kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka mpaka baraza hilo limejaribu kuwapatanisha na kutoa hati kwamba limeshindwa. Sheria hutaja visa vichache tu ambavyo havihitaji baraza, kama vile mwenzako amekutoroka nawe hujui aliko.

Tatu, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa. Si lazima kusafiri mpaka Bukoba. Na yule asiye na fedha ya wakili akumbuke kwamba mwaka 2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya watu kama yeye. Amuulize afisa ustawi wa jamii.

Nne, hata kabla ya hukumu, wazazi waweza kupatana wenyewe. Yafaa wakae na mashahidi wawili watatu wenye busara, waandike katika karatasi: mtoto alale wapi siku za shule; likizo ya Juni na ya Desemba akae kwa nani; Noeli mwaka huu kwa nani na mwaka ujao kwa nani; baba alete nini na lini; mtoto akiugua nani ampeleke hospitali, na nani alipe. Kila mmoja atie sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo si hukumu, lakini huzuia ugomvi mwingi, na siku ya shauri hakimu aweza kuitazama.

Lakini tusikilizane vema juu ya jambo moja. Kama mzazi anampiga mtoto kwa ukatili, au amemnajisi, au anamtishia mwenzake kwa panga, hapo si mahali pa kuandikiana karatasi chini ya mti. Hapo ni polisi kwanza. Mtu asimrudishe mtoto kwenye hatari kwa kisingizio cha msamaha wa Kikristo. Kusamehe ni kazi ya moyo. Kumlinda mtoto ni kazi ya mikono, tena ni ya leo hii.

MAMBO YA KUKATAA

Wazazi mliotengana, twawasihi mkatae mambo haya. Msimtume mtoto kupeleka matusi: "Kamwambie baba yako ni mwizi." Msimpeleleze: "Mama yako analala na nani siku hizi?" Msimnunue kwa zawadi ili amchukie mwenzako. Msimwambie, "Una sura ya baba yako, utakuwa mlevi kama yeye." Mtoto ni nusu ya baba na nusu ya mama. Ukimtukana mmoja wao, umemtukana nusu ya mtoto.

Nanyi akina mama wa kambo, mliopokea watoto msiowazaa, mnajua kwamba kazi yenu ni ngumu na haisifiwi. Pakua chakula katika sahani zilizo sawa. Jirani hatajua, lakini mtoto atajua, na Mungu ameona.

Nanyi mababu na mabibi, ambao mara nyingi ndio mnaobaki na wajukuu, msiwe wasemaji wa upande mmoja. Mtoto akimwuliza bibi yake, "Kwa nini baba hakai nasi?" haifai kumfungulia gunia lote la mashitaka. Yatosha kumwambia: "Baba na mama wameshindwana, lakini wewe hukukosa kitu, na wote wawili ni wazazi wako." Maneno hayo, "hukukosa kitu", yafaa ayasikie mara nyingi, maana watoto wengi hudhani kwamba wao ndio waliovunja nyumba.

JUMUIYA IFANYE NINI?

Mfalme Solomoni aliletewa wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja. Alipoagiza mtoto akatwe kwa upanga kila mmoja apate nusu yake, mmoja alikubali. Yule mwingine alilia, akaomba mtoto apewe mwenzake, mradi aishi. Hapo mfalme akamjua mama wa kweli. Mzazi wa kweli hujulikana hivyo hata leo: ni yule aliye tayari kupoteza shauri ili mtoto asipasuliwe.

Lakini Solomoni hayupo kila kijiji. Basi, jumuiya ndogo ndogo ifanye kazi yake. WAWATA wamtazame mama aliyerudi kwao na watoto watatu bila jembe. Wanaume wa UWAKA wamwendee ndugu yao aliyewasahau watoto, wamwambie usoni, kwa upole, lakini bila kuficha. Viongozi wa Utoto Mtakatifu wasimkose mtoto wa namna hiyo siku ya mafundisho. Wala mtu asiseme kwamba mtoto hawezi kubatizwa kwa sababu wazazi wake wametengana. Kanuni ya 868 yataka wazazi wakubali, au walau mmoja wao, na liwepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika dini Katoliki. Hayo yakiwapo, mlango u wazi. Mtoto hakutengana na mtu.

Mwisho tuwaombe jambo moja jepesi. Wewe baba ambaye mtoto wako yuko mlima wa pili, Jumapili hii baada ya Misa usipite njia ya kwenye rubisi. Pita pale. Simama uani, bisha hodi, msalimu mama yake kwa heshima, umwulize mtoto amesoma nini juma hili. Nawe mama, mletee kiti. Hamtakuwa mmerudiana kwa hilo. Lakini mtoto atalala usiku huo akijua ya kuwa ana baba na ana mama, na asubuhi atakwenda shule akiwa mwepesi.